Usukani Mwepesi Usitupumbaze

Tangu tarehe 19 Juni, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua Daraja la J. P. Magufuli, magari yanayotoka Busisi kwenda Kigongo hayangoji tena kivuko. Kilometa 3 za Ghuba ya Mwanza, ambazo zamani ziliwatesa wasafiri katika foleni, leo huvukwa kwa dakika chache. Ndugu zetu wa visiwa vya Kome na Maisome, wakishafika nchi kavu, wanaweza kumfikisha mgonjwa Hospitali ya Bugando bila kuhesabu zamu za kivuko. Hayo ni maendeleo, nasi tunayapongeza.

Lakini njia ikinyooka mwendo huongezeka, na mwendo ukiongezeka kosa dogo la usukani huwa msiba. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa leo kuzungumzia kitu ambacho kila dereva hukishika na wachache hukielewa, yaani usukani unaosaidiwa nguvu, ule ambao mafundi wetu huuita pawa stelingi.

Neno usukani lilianza baharini kabla ya kuingia garini, na wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Basi ni wajibu wetu kuujua usukani kabla ya kuupoteza.

Aina ya kwanza hutumia msukumo wa mafuta. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha pampu, na pampu husukuma mafuta. Dereva akikata kona, fimbo nyembamba iliyo ndani ya mtambo wa usukani hujipinda kidogo na kufungua valvu. Mafuta huingia upande mmoja wa pistoni na kuyasukuma magurudumu kule anakotaka. Msukumo huo huweza kupita kilo 70 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza gari la abiria lenye mtambo huo mwaka 1951. Kasoro yake ni kwamba pampu huzunguka wakati wote, hata gari linapokwenda moja kwa moja, na kwa hiyo hula nguvu ya injini bure.

Aina ya pili hutumia umeme. Kifaa maalumu hupima nguvu ya mkono wa dereva, kompyuta ndogo hutazama pia mwendo wa gari, kisha mota hutoa msaada unaostahili: mwingi wakati wa kuegesha, kidogo wakati wa kwenda kasi. Suzuki ya Japani iliutia mtambo huo katika gari dogo la Cervo mwaka 1988. Magari mengi madogo tunayoyanunua leo kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika ni ya aina hii.

Jambo la kushika ni kwamba mitambo yote miwili ni msaidizi wa dereva tu. Katika magari tunayoyaona barabarani mwetu, msaada ukikatika, chuma kinachounganisha usukani na magurudumu bado kipo. Gari bado linaongozeka, ila usukani huwa mzito ghafla. Dereva anayelijua hilo hukaza mikono, hupunguza mwendo na kusimama kando. Asiyelijua hudhani usukani umekatika, akapatwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo inayomtoa barabarani yeye na abiria wake.

Kwa hiyo hatuna budi kuilaani tabia ya kuzima injini mteremkoni kwa kisingizio cha kubana matumizi ya mafuta. Injini ikizimwa, pampu husimama, breki nazo hupoteza msaada wake, na ufunguo ukirudishwa mno usukani waweza kujifunga kabisa. Petroli inayookolewa hapo haifiki hata kibaba, na roho za abiria hazinunuliki.

Tunasikitishwa pia na ufundi wa kubahatisha. Wapo wanaotia mafuta ya breki mahali pa mafuta ya usukani, yakaharibu mipira ya kuzuia uvujaji. Wapo wanaoukata mkanda pampu inapovuja, wakamrudishia mteja gari zito na kumwambia limepona. Kwa upande wa umeme, betri iliyochoka au alternata mbovu huweza kuondoa msaada wote, lakini fundi asiyejua hufungua mtambo mzima. Na wale wanaoingiza magari ziwani kuyaosha wajue kwamba wanalichafua ziwa tunalokunywa, na wakati huo huo wanapeleka maji kwenye viungio vya nyaya ambavyo havipendi maji.

Hata hivyo, haitoshi kuwalaumu mafundi na madereva. Magari haya yametujia na vitabu vya Kijapani. Taa ya tahadhari ikiwaka mbele ya dereva, nani amemfundisha maana yake kwa lugha yake? Tunatoa mwito kwa VETA na halmashauri za Sengerema, Buchosa na Misungwi kuandaa mafunzo mafupi kwa mafundi wa mitaani juu ya mitambo yote miwili, pamoja na vijitabu vya Kiswahili kwa madereva. Tunaliomba Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, kuukagua usukani wa magari ya abiria kwa makini yale yale yanayotumika kukagua matairi na taa. Na viongozi wa Chama na Serikali waanze na magari waliyokabidhiwa, hasa ya wagonjwa, kwani hayo ni amana ya wananchi.

Taifa limegharimika kujenga daraja. Kumwelimisha atakayepita juu yake ni gharama ndogo sana, nayo isingoje mpaka tuzike watu.