Ruzuku ya Chuma Itanguliwe na Masharti

Tarehe 30 Septemba 2024, tanuru la mwisho la kuyeyushia mawe ya chuma kwa makaa lilizimwa Port Talbot, kusini mwa Wales. Tanuru la umeme litakalochukua nafasi yake, na ambalo litayeyusha chuma chakavu, linatazamiwa kuanza kazi mwishoni mwa 2027 au mwanzoni mwa 2028. Mradi huo wa kampuni ya Tata Steel unagharimu pauni bilioni 1.25, na kati ya hizo milioni 500 zinatoka serikalini. Wakati huohuo, kampuni ilitangaza kupunguza hadi ajira 2,800. Je, walipakodi wa Uingereza wamenunua nini kwa fedha zao?

Wanaoutetea mpango huu wana hoja nzito. Kampuni ilisema kiwanda kilikuwa kikipata hasara ya zaidi ya pauni milioni 1 kwa siku. China pekee huzalisha zaidi ya nusu ya chuma chote duniani, na wingi huo unashusha bei kila mahali. Tena tanuru la umeme litapunguza kwa takriban asilimia 90 hewa ya ukaa inayotoka kiwandani hapo. Kuyalinda matanuru ya zamani milele hakungekuwa na faida.

Tatizo ni mpangilio wa hatua. Vyama vya wafanyakazi vilipendekeza tanuru moja la zamani liendelee kuwaka katika kipindi cha mpito. Kampuni ilikataa, ikisema gharama yake haibebeki. Hivyo pengo la zaidi ya miaka mitatu likawaangukia wafanyakazi na mji uliojengeka kuzunguka kiwanda. Serikali mpya ya chama cha Labour ilipoukamilisha mkataba Septemba 2024, ilipata masharti bora kiasi kuhusu malipo na mafunzo ya wanaoondoka, lakini uamuzi wa kuzima matanuru haukubadilika.

Ulaya iliwahi kulishughulikia jambo hili kwa nidhamu zaidi. Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma, iliyoundwa kwa mkataba wa Paris wa 1951, ilikuwa na mfuko wa kuwasaidia na kuwafundisha upya wafanyakazi waliopoteza kazi. Msukosuko wa miaka ya 1980 ulipokuja, nchi wanachama ziliruhusiwa kutoa ruzuku iwapo tu kiwanda kingepunguza uwezo wake wa uzalishaji, na misaada hiyo ikawekewa kikomo cha mwisho wa 1985. Maumivu hayakukwepeka, maelfu walipoteza ajira. Hata hivyo, kila aliyepokea fedha alijua anadaiwa nini na hadi lini.

Uingereza imeonja pia gharama ya kusubiri. Aprili 12, 2025, siku ya Jumamosi, Bunge liliitwa kutoka mapumzikoni na kupitisha kwa siku moja sheria ya kuipa serikali mamlaka juu ya kiwanda cha chuma cha Scunthorpe, kilichokuwa kikimilikiwa wakati huo na kampuni ya Kichina ya Jingye. Malighafi zilikuwa zinaelekea kuisha, na tanuru la makaa likipoa ni vigumu mno kuliwasha tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa Scunthorpe unajengwa kwa fedha za umma.

Ruzuku yoyote ya kufufua kiwanda inapaswa kueleza waziwazi ajira ngapi zitabaki, wafanyakazi watafundishwa kazi gani kabla ya kuachishwa, na fedha zitarejeshwaje ahadi ikivunjwa. Iende pia na sera ya nishati, kwa kuwa tanuru la umeme haliwezi kushindana ikiwa viwanda vya Uingereza vinaendelea kulipia umeme kwa bei iliyo miongoni mwa za juu kabisa Ulaya. Mambo hayo yaandikwe kwenye mkataba na kuwekwa hadharani kabla pauni ya kwanza haijatoka hazina. Serikali inayolipa kwanza na kujadiliana baadaye haina tena cha kumshikia mwekezaji.