"Asante kwa elimu" haitoshi: uliza kwanza

Ndugu mkulima, nawe ndugu mfanyabiashara, leo nazungumzia simu yako.

Msimu uliopita mama mmoja wa hapa kwetu alinionesha ujumbe wa WhatsApp: changanya sabuni ya unga na mafuta ya taa, mwagia mahindi, viwavijeshi vamizi wataisha. Alifanya hivyo. Majani yaliungua, viwavi wakabaki ndani ya moyo wa mhindi.

Ujumbe ule ulikuwa na mishale miwili juu yake, alama ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Mwandishi hajulikani. Kwenye kundi letu watu walijibu "asante kwa elimu". Hakuna aliyeuliza. Mimi afisa wenu niliuona, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu.

Sisemi mtoke kwenye makundi. Mdudu huyu aliingia Afrika mwaka 2016, na picha moja nzuri ya simu inatosha kumtambua: alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Hiyo ni elimu, maana unaweza kwenda shambani ukahakikisha mwenyewe.

Kinachotuponza ni desturi ya kupokea na kurusha. Kwenye shamba darasa hatukubali neno mpaka tumeona mmea. Kwa nini kwenye simu tukubali?

Kwa hiyo naomba tuzoee haya:

- Ukileta dawa, sema kama umeijaribu au umetumiwa tu.
- Taja mahali, umri wa mahindi na ukubwa wa kiwavi. Kiwavi mdogo huuawa kirahisi. Aliyekomaa hujificha ndani, dawa haimfikii.
- Leta na yaliyoshindikana. Hasara yako ikisemwa, itaokoa shamba la jirani.
- Mfanyabiashara, ukitangaza bei taja soko, tarehe na kilo. Bei ya gunia bila kusema ni kilo 100 au ni lumbesa si bei, ni mtego.

Anayeuliza "umeijaribu wapi?" msimwone mjuaji. Huyo ndiye anayelinda shamba lako.

Nami nimejiwekea sharti: nikiona ujumbe usio na mwenyewe, nauliza hapo hapo. Na nikileta ushauri mimi, niulizeni vivyo hivyo.