Ubaridi Peke Yake Hautoshi

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na mji wa Bariadi kuwa makao makuu yake, ofisi na majengo ya huduma yamekuwa yakijengwa ili kuwahudumia wananchi wa wilaya zake. Majengo ya namna hiyo yanapofungwa mitambo ya kupoza hewa, lipo swali moja ambalo halina budi kuulizwa kabla fedha za umma hazijalipwa: Je, mtambo huo unaondoa unyevu, au unapoza tu?

Swali hili si la anasa. Katika chumba chenye unyevu mwingi, majalada huota kuvu, vidonge hulainika, na vyombo vya maabara hushika kutu. Chumba kinachonuka uvundo na chenye kuta za madoa meusi ni ghala bovu, hata kama ni baridi kiasi gani.

Inafaa kukumbuka kwamba mtambo wa kisasa wa aina hii haukubuniwa kwa ajili ya starehe. Mwaka 1902, mhandisi Willis Carrier wa Marekani aliusanifu kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kwa unyevu hata rangi zikashindwa kukaa mahali pake. Kazi ya mtambo tangu siku ya kwanza ilikuwa kuudhibiti unyevu.

Kosa kubwa linalofanyika ni kudhani kwamba mtambo mkubwa zaidi ndio bora zaidi. Hewa hutoa maji yake inapogusa mabomba baridi yaliyomo ndani ya mtambo, na kazi hiyo huhitaji muda. Mtambo uliozidi mahitaji ya jengo hupoza vyumba kwa dakika chache, kisha hujizima kabla maji hayajadondoka ya kutosha. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60 ikipozwa hadi nyuzi 24 bila kuondolewa maji, unyevu wake hupanda kupita asilimia 80. Hapo mwenye jengo amelipia umeme ili anunue uvundo.

Yapo makosa mengine. Feni ikiachwa izunguke wakati wote, hata kompresa inapopumzika, huyarudisha hewani maji yaliyokwisha kunaswa. Njia za hewa zenye nyufa darini huvuta hewa ya nje yenye unyevu. Bomba la kutolea maji likiziba, maji hubaki ndani. Tena, zege na lipu mpya huendelea kutoa maji kwa miezi mingi, na dirisha lililoachwa wazi hushindana na mtambo mchana kutwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika Simiyu liko jambo la kuangaliwa zaidi. Mtambo ukikabidhiwa mwezi Julai, wakati wa kiangazi, hewa yenyewe ni kavu, na hata mtambo mbovu utaonekana mzuri. Kasoro itajitokeza mvua zikishaanza, pengine mkandarasi akiwa amekwisha kulipwa na kuondoka. Mkulima wa pamba wa Maswa au Meatu hafanyi biashara ya namna hiyo. Huianika pamba yake, hutenga pamba safi na fifi, ndipo huipeleka kwenye mzani. Nafaka yake huihifadhi katika kihenge kilichoinuliwa ili unyevu wa ardhi usiifikie. Haifai hata kidogo mtunza mali ya umma azidiwe tahadhari na mkulima huyo.

Kwa hiyo mkono usiwe ndio kipimo cha kupokea mtambo. Kipima unyevu ni chombo kidogo kisicho na gharama kubwa; kiwekwe katika kila chumba cha dawa na cha majalada, na namba zake ziandikwe asubuhi na jioni. Unyevu ukikaa kati ya asilimia 40 na 60, kazi ni njema. Ukizidi 60 siku baada ya siku, fundi aitwe akague feni, bomba la maji na njia za hewa kabla mtu yeyote hajapendekeza kununua mtambo mwingine. Mikataba nayo itamke wazi kwamba ukubwa wa mtambo utakokotolewa kwa kupima jengo, wala si kwa kukisia, na kwamba sehemu ya malipo itazuiliwa mpaka mtambo upimwe katika msimu wa mvua.

Hayo hayahitaji fedha nyingi wala wataalamu kutoka mbali. Yanahitaji watumishi wanaopima, wanaoandika, na wanaokataa kutia saini kazi ambayo haijakamilika. Dawa inayoharibika ghalani haimfikii mgonjwa, na mgonjwa huyo ndiye aliyechangia kununua mtambo.