Kabla ya kuvunja kichuguu, tuhesabu miguu



Mwezi uliopita, siku ya salongo, sisi makapita tulipewa kazi ya kusafisha upande wa nyuma ya madarasa. Tuliwapanga wadogo wa mwaka wa kwanza na majembe. Kila kitu chenye kutembea kilipigwa: jongoo, buibui, tandu, konokono. "Piga, ni mududu!" Sisi wenyewe ndio tulipiga kelele hiyo. Tunaisema mapema, ili mtu asifikiri kwamba tunahukumu wengine.

Juma lililofuata, Mwalimu wa biolojia alituuliza kwa karatasi kama buibui ni insekti. Wengi katika darasa letu la mwisho waliandika ndiyo. Halafu mwenzetu mmoja akatoa mfukoni kinkubala kikavu, kilichonunuliwa sokoni Kenya, akahesabu. "Hii hayiko insekti, iko na miguu kumi na sita!" Mwingine akajibu: "Iyi ni chakula, hayiko masomo!" Tulicheka wote. Lakini hakuna aliyeweza kumjibu, na Egzameni ya Serikali iko mbele yetu.

Jibu lilikuwa mkononi mwake. Miguu ya kweli ya kinkubala ni sita tu, ile ya mbele, migumu, yenye viungo. Ile kumi ya nyuma ni nyama laini ya kushikia matawi ya miti, na inapotea siku kinkubala kinapogeuka kipepeo. Tangu utoto tunakula vinkubala kila majira ya mvua, lakini hatujawahi kuviangalia.

Basi, mawazo yetu ni haya. Neno "mududu" linatufunga macho. Kati ya aina za wanyama ambazo wataalamu wamekwisha kuzipa majina, karibu 95 katika 100 hazina uti wa mgongo. Insekti peke yao ni karibu aina milioni moja. Kuwaita wote mududu ni sawa na kuita kila kitu cha mjini, baiskeli, treni na nyumba, kwa jina moja la "chuma".

Tunaandika katika kaye "arthropoda, moluska, anelida" kama mtu anayejifunza namba za simu. Lakini kila jina ni namna moja ya kujenga mwili. Sisi watu ni kama nyumba yenye nguzo ndani: mifupa iko ndani, nyama iko nje. Buibui, jongoo, kaa wa mtoni na kinkubala wamejengwa kinyume: ugumu uko nje, nyama ndani. Njo maana wanapokua lazima wavue vazi la zamani na kufanya lingine. Insekti ana sehemu tatu za mwili na miguu sita. Buibui ana sehemu mbili na miguu nane. Jongoo ana miguu minne katika karibu kila pingili, tandu ana miwili. Konokono hana pingili: ana mguu mmoja wa nyama, na ngozi yake ndiyo inayojenga nyumba yake. Nyungunyungu hana mfupa wala ganda. Ni pete juu ya pete, na anapumua kwa ngozi. Na katika ziwa Tanganyika kuko mnyama laini kama mwavuli mdogo, hana kichwa, hana mbele wala nyuma, na kinywa chake ndiyo njia ya kuingizia na kutolea. Wote hao, mududu?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tumesikia kwamba kichuguu kikubwa cha nyuma ya madarasa kitavunjwa kwa kufanya matofali. Tunajua darasa jipya linahitajika. Tunajua pia kwamba udongo wa kichuguu ni mzuri. Wazee wetu wa Katanga waliutumia hata kujengea tanuru za kuyeyushia shaba. Hatusemi kwamba wazee walikosa.

Lakini vichuguu hivi havikujengwa jana. Mwaka 2015 wataalamu waliopima umri wa vichuguu vikubwa vya msitu wa miombo hapa Katanga walitangaza kwamba kimoja kilipita miaka 2000. Waliokijenga hawana hata mfupa mmoja. Wanakusanya majani makavu na kulima uyoga ndani ya giza, na mvua inapoanza wanatutumia nswa, wale ambao watu wa pwani wanaita kumbikumbi. Wengi wetu tukisoma Mithali sura ya 6, pale mvivu anapotumwa kwa chungu, tunafikiri kichuguu. Lakini mchwa si ndugu wa chungu. Yeye ni wa jamaa ya mende. Chungu ana kiuno chembamba na pembe zilizokunjwa; mchwa hana kiuno, na pembe zake ni kama shanga. Ni nani kati yetu aliyewahi kuwaweka wawili hao pamoja na kulinganisha?

Wengine watasema: mchwa wanakula mbao na vitabu. Ni kweli, wako wenye kuharibu. Lakini adui usiyemjua, utampiga namna gani? Na konokono wa maji anayebeba kichocho, utamtambua namna gani kama kila konokono ni mududu?

Kwa hiyo tunaomba Bwana Prefe mambo mawili kwa heshima. Kwanza, matofali yachukuliwe kwenye udongo mwingine, kichuguu hiki kimoja kibaki. Labo yetu haina mikroskopu ya kutosha. Hii ni labo isiyolipiwa. Pili, siku moja ya salongo kila trimestri, darasa moja liende na kaye badala ya jembe, lihesabu miguu na pingili, lichore, halafu liache mnyama aende zake.

Na sisi makapita tunaahidi: hatutapiga tena kelele ya "piga". Tutauliza kwanza: kiko na miguu ngapi?

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho, Biolojia-Kemia