Jino la Mkulima Lisisubiri Daktari wa Mjini

Jino likiuma, kazi husimama. Mkulima wa korosho wa Chiungutwa, wilayani Masasi, ikiwa zahanati iliyo karibu naye haina mtu aliyefundishwa kutibu meno, ana njia mbili tu: atafute nauli ya kwenda Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, au avumilie mpaka shavu livimbe.

Hatuwezi kungoja mpaka kila kata ipate daktari wa meno. Mafunzo ya shahada ya fani hiyo yalianza Muhimbili mwaka 1979, lakini wahitimu wake wangali wengi zaidi mijini. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilikwisha kutuonyesha njia: huduma za msingi ziwe karibu na wananchi, na wenyewe washiriki. Tabibu wa zahanati anaweza kufundishwa kutia ganzi, kung'oa jino lililooza, na kumtambua mgonjwa anayepaswa kupelekwa hospitali.

Wapo watakaodai kwamba hiyo ni huduma duni kwa watu wa shamba. Ndugu hao wakumbuke kwamba njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono, bila umeme, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo hutumika katika nchi nyingi. Mafunzo yaliyo duni ni yale yasiyofuatwa na koleo, ganzi, chombo cha kutakasia vifaa na usimamizi.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Masomo yao yasisahau kinywa. Hao, kwa kuwa ni wenyeji, ndio watakaosikilizwa wanapomsihi mama asimpeleke mtoto anayehara kung'olewa kile kiitwacho "meno ya plastiki". Desturi hiyo imewaumiza watoto nchini: ufizi hukatwa kwa chombo kichafu, na ugonjwa wenyewe huachwa bila tiba.

Walimu nao wana zamu yao. Mwanafunzi aelewe kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, nayo hula jino. Na kwamba dawa ya meno yenye floridi, mara mbili kwa siku, ni kinga.

Kupanga ni kuchagua. Halmashauri ziandike mafunzo haya na vifaa vyake katika bajeti. Chiungutwa haiombi fadhila. Inadai haki yake.