Ramani Nayo Ina Mtunzi

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba mandhari ni pambo la hadithi tu, na kwamba ramani ni kazi ya mwanajiografia. Dai hili ni potofu. Ramani ni matini: ina mtunzi, ina hadhira, na ina mambo iliyoyanyamazia.

Atlasi ya Barrington (2000) imechora majimbo ya Dola ya Roma, yaliyokufa karne nyingi zilizopita, pamoja na miji, barabara na mifereji yake ya maji. Kibera, yenye watu hai, iliachwa karibu tupu katika ramani za umma hadi mwaka 2009, vijana wa mtaa walipoichora wenyewe katika mradi wa Map Kibera.

Utupu huo una wanaofaidika nao. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 4,197, wakakaa humo askari Wanubi wa jeshi la KAR. Mwaka 2017 wazao wao walikabidhiwa hati ya ekari 288. Ramani isiyosimulia tofauti hiyo imekwisha kuchagua upande. Vivyo hivyo Soko la Toi, lililoteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi za 2007–2008: ramani ionyeshayo mabanda ya mitumba bila tukio hilo hutaja aliyepo, humfuta aliyefukuzwa.

Basi idara zetu za fasihi na ziifundishe ramani kama zifundishavyo riwaya: nani kaichora, kwa ajili ya nani, na jina la nani limeachwa nje?