Pacers, Mchukueni Siakam, Lakini Mathurin Abaki

Wasee, kila nikifungua simu hii Januari 2024 ni jina moja tu: Pascal Siakam. Toronto Raptors wanamuuza, Indiana Pacers wanamtaka, na dirisha linafungwa tarehe 8 Februari. Sisi tunaoamka saa tisa usiku kutazama hizi mechi tuna swali moja: Pacers wamchukue, ama watulie na vijana wao?

Mimi nasema wamchukue. Lakini bei lazima iwe na kikomo.

Anza na shida yenyewe. Pacers hawana shida ya kufunga. Wanatia zaidi ya pointi 120 kila mechi, na Tyrese Haliburton, ambaye sa hii anauguza paja, anagawa mpira kama mama wa harusi anagawa pilau. Shida ni kwamba wanafungwa pia, tena sana. Desemba 13 Giannis Antetokounmpo aliwatia pointi 64 peke yake, rekodi ya Bucks. 64, bana! Obi Toppin anaruka poa, lakini kazi ya kumzuia mtu kama huyo imemshinda.

Siakam ana futi 6 na inchi 8. Anakimbia uwanja mzima kama gadi, anacheza chini ya kikapu, anapasia wenzake, na unaweza kumpa mtu yeyote amkabe. Msimu huu ana kama pointi 22 kwa mechi. Na presha anaijua: fainali ya 2019, mechi ya kwanza dhidi ya Warriors, alitia 32 na kukosa mitupo mitatu pekee. Huyu ni kijana wa Douala aliyewahi kusomea seminari. Mtu wa kazi.

Sasa tusidanganyane, hatari iko. Aprili anafikisha miaka 30. Mitupo ya mbali si nguvu yake. Kubwa zaidi, mkataba wake unaisha msimu huu, kwa hivyo Julai anaweza kubeba mabegi aende. Toronto wenyewe wanajua huo uchungu. Kawhi Leonard aliwapa kombe 2019 akahama msimu huohuo wa joto, na mwaka jana Fred VanVleet akaenda Houston, wakabaki mikono mitupu. Ndiyo maana Masai Ujiri, bosi wa Raptors ambaye mamake ni Mkenya, hawezi kungoja tena. Na muuzaji mwenye haraka huwa hapangi bei peke yake.

Kuna wanaosema Pacers wangoje Julai wamsajili bure. Jameni, lini supastaa alichagua Indiana na Los Angeles iko? Angalia hii timu ilivyojengwa. 2017 Paul George alitaka kuondoka, wakambadilisha na Victor Oladipo na Domantas Sabonis. 2022 wakatoa Sabonis, wakapata Haliburton. Indiana hupata mastaa kwa kubadilishana. Tena wakimchukua sasa, wataweza kumpa mkataba wa miaka 5. Timu nyingine zitaishia 4. Hiyo ndiyo kamba ya kumfunga.

Bei yangu ni hii: Bruce Brown, ambaye mshahara wake wa dola milioni 22 unasaidia hesabu, na nafasi za raundi ya kwanza ya drafti, hata 3. Basi. Bennedict Mathurin ana miaka 21, asiguswe. Andrew Nembhard pia.

Beste yangu aliniuliza, “Lakini Siakam mwenyewe si alichaguliwa namba 27? Mbona utupe nafasi kama hizo?” Swali poa, na lilininyamazisha kidogo. Ukweli ni kwamba alichaguliwa 2016 na akawaka kabisa msimu wake wa tatu. Na kwa kila Siakam, kuna vijana wengi wa namba hizo ambao huwakumbuki. Haliburton ana miaka 23 na yuko tayari leo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na mamangu bado huniangalia vile. Niliacha cheti ambacho kingekuja siku moja, labda. Lakini sikuuza simu, kwa sababu simu ndiyo kazi yenyewe. Pacers wafanye vivyo hivyo. Watoe vile ambavyo bado ni ahadi, washike vile vinavyowalisha. Masai akisema bila Mathurin hakuna dili, wakate simu.

Mvumilivu hula mbivu, sawa. Lakini Indiana wamekaa kwa huo mti tangu fainali ya 2000 na Reggie Miller. Ni nani atawapandia?

Wewe ungetoa nini?